Leseni Namba Saba na Blanketi la Mama Nekoye

Tarehe mosi Mei mwaka 1951, saa mbili kamili asubuhi, Serikali iliwatangazia watu wote wa Eldoret na mashamba yake, kuanzia Sugoi mpaka Hoey's Bridge, kwamba mapenzi sasa yamepata utaratibu. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa Boma, ofisi ya wilaya, kwa pini nne, moja kila pembe, na aliyelibandika alirudi nyuma hatua tatu kuhakikisha halikukaa upande.

Huyo alikuwa Phineas Murunga, karani wa ndoa, vifo na leseni za mbwa. Watu walisema hizo ni kazi tatu. Phineas alisema ni kazi moja, yaani karatasi. Alikuwa na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikawa inaweza kusimama bila yeye, kalamu mbili mfukoni, na haja moja tu duniani: aitwe hedi karani kabla hajaota mvi.

Amri yenyewe aliitunga Bwana Disii, mkuu wa wilaya, mzungu mrefu kwa jina Haverstock. Watu walimwita Bwana Rula kwa sababu alitembea na rula ya mbao mfukoni na kupima kila alichokutana nacho. Alipima pambizo za barua. Alipima nafasi kati ya mfungwa na mfungwa walipokuwa wakifyeka nyasi. Alipogundua kwamba watu wa mashambani wanaoana hivi hivi tu, bila kipimo chochote, roho ilimuuma sana.

Kwa hiyo vikazaliwa vifungu saba. Mwombaji alete kipande chake cha utambulisho. Alete barua ya chifu wa kwao kuthibitisha kwamba hajaoa. Alete barua ya bwana wa shamba kuthibitisha kwamba chifu huyo ni mtu wa kuaminika. Jina lake na la mchumba wake yaning'inie ubaoni siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aseme. Na kifungu cha sita, ambacho Bwana Rula alikipenda kuliko vyote: siku ya kuchukua leseni ya ndoa, bwana harusi, bibi harusi na mama mzazi wa bibi harusi wasimame pamoja mbele ya meza, bega kwa bega, na mama atamke mwenyewe kwamba amekubali. Baba, alieleza Bwana Rula, hulainishwa kwa ng'ombe na pombe ya busaa. Mama halainishiki.

Kifungu cha saba kilisema kwamba amri hii ni ya watu wote wilayani bila kujali rangi. Kilitiwa kwa ajili ya wageni fulani waliotoka London mwezi wa pili, na hakuna aliyetarajia kwamba kingetumika. Bwana Pisii, mkuu wa jimbo zima, alikisoma akapendezwa mno, akaandika barua ya sifa. Barua hiyo ilitiwa kwenye fremu.

Phineas aliitafsiri amri yote neno kwa neno. Alijua fika kwamba huko kwao Uluhyani mkwe na mama mkwe hawasimami chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa ya ndoa na mama mkwe wake alimjua kwa kikohozi tu. Lakini hakuulizwa. Karani huulizwa kwanza, ndipo ajue.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi wakaja wenye faili namba saba. Kituyi alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja la mahindi karibu na Hoey's Bridge. Namalwa, mchumba wake, alikuwa akifanya kazi ya kupepeta kwenye ghala la shamba hilo hilo. Na kutoka Kimilili, kwa lori na kwa miguu, alikuwa amefika Mama Nekoye, mzazi wa Namalwa, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na blanketi zito la kijivu begani. Karatasi zao zote zilikuwa sawa. Siku zao ishirini na moja zilikuwa zimetimia.

"Ingieni wote watatu," Phineas akasema.

Kituyi akaingia. Mama Nekoye alipofika mlangoni akaona mgongo wa Kituyi, akageuka pale pale, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Phineas akamtoa Kituyi nje, akamwita mama. Mama akaingia. Phineas akamwita Kituyi tena. Mama Nekoye aliposikia viatu vya mkwe wake vinakuja, akatoka kwa dirisha, blanketi na yote. Ofisi ile ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, na kwa nusu saa vyote viwili vilifanya kazi bila kupumzika.

Namalwa ndiye aliyebaki mezani muda wote. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari.

"Bwana karani, wewe ni mtu wa kwetu," akasema. "Wewe ungesimama bega kwa bega na mama wa bibi yako?"

"Hapa mimi si mtu wa kwetu," Phineas akajibu. "Hapa mimi ni ofisi."

"Sawa, ofisi. Basi sikia. Ijumaa lori inakuja. Bwana wa shamba amesema kila mwanamke wa kwa laini za wafanyakazi asiye na cheti cha ndoa atapakiwa na sufuria zake arudishwe kwao. Padri naye amekataa kutufungisha bila leseni ya Boma. Nikipanda hiyo lori, kurudi tena ni mpaka nipate barua ya chifu, na chifu wetu kuandika barua moja ni miezi mitatu."

Phineas alilipanga faili ambalo lilikuwa limeshapangwa. Aliona aibu, tena aibu kweli, ile ya kukutwa na watu wa kwenu ukiwa umevaa kaptula ya mtu mwingine. Akasema waje Jumatano, ataangalia.

Jumatano alikuwa na mpango. Blanketi la Mama Nekoye lilitundikwa kwa kamba katikati ya ofisi. Upande huu Kituyi, kofia mkononi, macho sakafuni. Upande ule Mama Nekoye. Namalwa akasimama pale blanketi linapoishia, bega moja kwa mama, bega moja kwa mchumba. Phineas alikuwa ameshainua muhuri wakati Bwana Rula alipoingia.

Bwana Rula alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa Serikali, kwa hiyo watu hawakumwelewa mara moja.

"Je, pazia hili lina maana gani?" akauliza.

"Ni heshima, bwana," Phineas akasema. "Mkwe na mama mkwe hawaonani."

"Je, wanachukiana?"

"Hapana bwana. Wanapendana sana."

"Wanapendana, kwa hiyo wanakimbiana?"

"Ndiyo, bwana. Wakisimama pamoja hivyo, itakuwa matusi."

Bwana Rula akatoa rula, akapima kutoka bega la Kituyi mpaka kwenye blanketi, na kutoka kwenye blanketi mpaka bega la Mama Nekoye. Jumla ilikuwa futi mbili na inchi tisa. Akaeleza kwa upole kwamba katika maisha yake hajaona mama aliyeridhika akamkimbia mwoaji wa bintiye. Akachukua faili, akaandika kwa wino mwekundu: ridhaa ina shaka. Siku nyingine ishirini na moja ubaoni.

"Amesema nini?" Mama Nekoye akauliza kutoka nyuma ya blanketi.

Phineas akamwambia.

"Haya. Basi mimi nimekaa," akasema Mama Nekoye. Akaliteremsha blanketi lake, akaenda nyuma ya tangi, akakaa. Jioni alilala kwa jamaa yake huko Yamumbi, na asubuhi ya Alhamisi alikuwa pale pale tena. Kituyi akakaa upande wa pili wa Boma, kwenye ngazi za stoo, mahali ambapo hawangeonana. Namalwa alikuwa akienda huku na huku kati yao akipeleka viazi vya kuchemsha. Kesho yake ilikuwa siku ya lori, na viazi vilirudi kama vilivyokwenda.

Sasa, Alhamisi hiyo hiyo lilifunguliwa faili namba nane.

Mwombaji alikuwa Bwana Haverstock mwenyewe. Mchumba wake alikuwa Misi Winifred, binti wa shamba moja kubwa upande wa Sugoi. Harusi ilikuwa Jumamosi, na Bwana Pisii alikuwa njiani, mgeni wa heshima, akiwa ameomba pia kuliona faili hilo lililofuata amri ile nzuri. Notisi ya Bwana Rula ilikuwa imening'inia siku ishirini na moja kando ya ile ya Kituyi, na Phineas alikuwa amezibandika mstari mmoja.

"Tia muhuri," akasema Bwana Rula.

"Ndiyo, bwana. Kimebaki kifungu cha sita tu."

"Kifungu cha sita?"

"Mama mzazi, bwana. Bega kwa bega."

"Lakini kifungu hicho ni cha..." Bwana Rula akaanza.

"Kifungu cha saba, bwana," akasema Phineas.

Tusimsingizie Phineas. Wako watu Eldoret waliokuja kusema kwamba alifanya kusudi. Hakufanya kusudi. Aliipenda amri ile kama alivyoipenda kaptula yake, na hangevumilia kuiona na mkunjo, hasa Bwana Pisii akiwa njiani. Bwana Rula akaitazama ile barua kwenye fremu kwa muda, kisha akatuma dereva Sugoi akamlete mama.

Shida ni kwamba Memsaab Crale, mama mzazi wa Misi Winifred, alikuwa hajasimama karibu na Bwana Rula tangu mwaka uliopita. Mwaka huo Bwana Rula alipima ua wa shamba lake, akakuta umeingia barabarani inchi nne, akamlazimisha kung'oa nguzo za maili mbili. Tangu hapo, Bwana Rula akiingia klabu, Memsaab Crale hutoka kwa mlango wa jikoni.

Alifika saa sita kwa pikapu yake. Aliisimamisha mbele ya Boma ikiwa imeelekea barabarani, injini inanguruma, akamtuma Misi Winifred ndani na ujumbe: hatasimama chumba kimoja na yule mtu, si leo, si Jumamosi, wala si siku ya kuzikwa.

Phineas aliposikia hivyo uso wake ukachangamka.

"Kumbe hata nyinyi mnayo hii, bwana," akasema. "Hatukujua. Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Si kitu kimoja," akasema Bwana Rula.

"Kwa faili ni kimoja, bwana."

Misi Winifred akajiketisha kwenye benchi la waombaji, akaanza kulia polepole. Bwana Rula akatembea mpaka dirishani na kurudi mara nne. Halafu akakaa, akaandika Marekebisho Namba Moja: bega kwa bega kutahesabiwa kuwa bega kwa bega hata kama pana pazia katikati, mradi pazia liwe zito.

"Leta blanketi la Boma," akaamuru.

"Blanketi za Boma ni za wafungwa, bwana. Kuazima ni fomu, na fomu inajibiwa Nakuru. Wiki sita." Phineas akakohoa. "Iko moja nyuma ya tangi."

Akatoka kwenda kuliomba. Mama Nekoye alimsikiliza mpaka mwisho.

"Blanketi ni langu," akasema. "Litaanza na langu."

Phineas akarudi na habari kwamba utaratibu unataka marekebisho yatumike kwa kufuata namba za faili, na saba hutangulia nane. Akaongeza kwamba ikiwa blanketi lilileta shaka kwenye namba saba, basi Bwana Pisii anaweza kuuliza mbona halikuleta shaka kwenye namba nane. Bwana Rula akalichukua faili la Kituyi, akayafuta kwa mstari yale maneno mekundu. Hata hapo alitumia rula.

Blanketi likatundikwa. Kituyi huku, mama kule, Namalwa mwishoni.

"Mama mzazi, unakubali?" Phineas akauliza.

"Mimi nilikubali tangu ng'ombe wa kwanza," ikajibu sauti ya Mama Nekoye, na askari wa gereza waliokuwa nje wakageuza shingo. "Kituyi ni kijana mzuri. Aendeshe hiyo trekta polepole tu."

"Asante, mama," Kituyi akaliambia blanketi.

Muhuri ukashuka. Namalwa akaipokea leseni kwa mikono miwili, akalisoma jina lake mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani. Machozi yakamtoka, akacheka.

Halafu ikawa zamu ya namba nane. Memsaab Crale alikubali kushuka kwenye pikapu alipoonyeshwa uzito wa blanketi. Alisimama nyuma yake amefunga mikono kifuani. Upande wa pili Bwana Rula alisimama wima, jasho limemtoka puani, na Misi Winifred katikati na leso yake.

"Mama mzazi, unakubali?"

Nje, injini ya pikapu ilikuwa bado inanguruma.

"Hapana," akasema Memsaab Crale.

Alilisema kwa Kiswahili, ili karani asipate shida ya kutafsiri. Kisha akatoka kwa dirisha.

Phineas alichovya kalamu kwenye wino mwekundu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ridhaa ina shaka. Akachukua notisi ya Bwana Rula pamoja na pini nne ili airudishe ubaoni siku nyingine ishirini na moja, na kwa heshima zote akaomba kuazima rula yake, ili isiende upande wakati Bwana Pisii atakapokuja kuisoma Jumamosi. Mvua ya Eldoret ilikuwa imeanza kunyesha, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Kituyi alikuwa ameshatangulia kutafuta lori la kuwarudisha shambani. Mama Nekoye akasimama mlangoni na bintiye, akalitazama blanketi lake kwenye kamba, akamtazama yule mzungu aliyesimama kando yake peke yake, akasema maneno machache kwa Kibukusu, akaondoka bila blanketi.

"Amesema nini?" akauliza Bwana Rula.

Kwa kuwa safari hii ameulizwa, Phineas akajua.

"Amekuachia, bwana," akasema. "Amesema siku ishirini na moja hapa ni baridi."