Uasi kwa Karatasi ya Risiti

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa fasihi katoa insha: washairi waasi wa Marekani wa miaka ya hamsini. Waliasi nini, na kwa nini? Mwisho Ijumaa. Akanikazia macho mimi peke yangu, akasema atakayeanguka hii atarudia kidato. Kidato cha chini yumo mdogo wangu wa kike. Kukaa dawati moja na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Bora nife. Nikakimbilia maktaba. Kamusi, yule mwenzangu anayejibu maswali kabla hayajaulizwa, keshaazima vitabu vyote. Mchoyo! Lakini nimetafakari: mwasi halisi hasomi. Roho imetulia.

Jumanne, 5 Machi
Kamusi alikuwa akijigamba kwamba mmoja wa waasi hao aliandika kwenye gombo refu la karatasi, bila aya, bila kupumua. Asante, Kamusi! Umenipa kisu cha kukuchinjia. Nimepita dukani kwa shangazi, nikachomoa gombo kwenye mashine ya risiti. Jioni shangazi kaja juu, analalamika kwa mama kwamba wateja wamemgombeza kutwa nzima kwa kukosa risiti. Nilijifungia chumbani. Sanaa ina wahanga wake.

Jumatano, 6 Machi
Waasi walizurura barabarani. Nami nikaaga nyumbani kwa kishindo. Mama akasema kwa kuwa natoka, nilete sabuni. Nimezurura hadi kwa fundi cherehani wa pale kona. Mvua. Nikarudi. Sabuni nimesahau, nikatumwa tena. Yote nimeyamwaga kwenye gombo: barabara, mvua, sabuni, hasira. Insha ndefu kuliko sebule yetu! Mdogo wangu kauliza waasi wenyewe wako wapi humo. Mtoto haelewi fasihi.

Alhamisi, 7 Machi
Gombo linajikunja lenyewe. Nimelipiga pasi. Limegeuka jeusi tii! Lote! Mdogo wangu, bila kuinua macho, akasema karatasi ya risiti huchapwa kwa joto, kwa hiyo pasi yangu imechapa kila mahali. Akaongeza kwamba Kamusi kamwazima vile vitabu, tusome wote. Nikamjibu sili sadaka ya adui. Mama akanung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa akimsema nani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewasilisha gombo jeusi kifua mbele. Nikatangaza kwamba huu ni uasi dhidi ya maneno yenyewe. Nikajiona nimeshinda. Kisha mwalimu akauliza, kwa upole, wale washairi waliasi nini hasa. Nikasema insha. Darasa zima likaangua kicheko, Kamusi akadondosha miwani. Nimepewa hadi Jumatatu, mara ya mwisho kabisa.

Jumapili, 10 Machi
Kosa nimelibaini: pasi ilikuwa kali mno. Nimechomoa gombo jingine shangazi alipogeuka, nimeandika upya kila kitu, hata sabuni. Sasa nimelitandaza juu ya kifuniko cha sufuria ya maji ya kuoga, moto mdogo tu. Linanyooka vizuri! Mdogo wangu kasimama mlangoni, kalitazama, kisha kaniuliza kwa huruma kama mwakani nitapenda kukaa upande wa dirisha au wa ukuta. Nimemwambia dirishani. Mwasi anahitaji hewa.