Gitaa la Marehemu Mjomba

"Miaka yote hii unachagua gitaa moja. Mkeo ulimchagua kwa muda gani?"

"Yeye ndiye aliyenichagua mimi," kinyozi alijibu, mkasi mkononi. "Gitaa halina macho, dada. Lazima nilitazame mwenyewe."

"Basi nunua hata bovu, tupumzike. Kila jioni unagonga meza na kuimba. Wanangu hawalali."

Aliyefoka ni jirani yake, muuza mitumba, mikono kiunoni, sauti ikifika hadi ng'ambo ya barabara. Huko ng'ambo alisimama Mafuta, aliyeitwa hivyo kwa kuwa maneno yake yalimezwa bila kutafunwa. Alivaa koti lake la kijivu, koti la kazi; bila hilo hakuna aliyemwamini hata akitaja saa. Na chumbani kwake lilikuwepo gitaa lililovunjika shingo, likagandishwa kwa gundi na kusuguliwa rangi ya viatu.

Kabla jua halijazama, alikuwa kwa kinyozi.

"Kaka, hili ni la marehemu mjomba. Naliuza huku nalia."

Akataja bei ya chini, bei ya mtu mwenye msiba. Wakashikana mikono mbele ya muuza mitumba: kinyozi apewe kulijaribu kwanza, akilipenda alipe bei hiyo hiyo, isipande wala isishuke.

"Nakaribia kuamua," kinyozi alisema Mafuta aliporudi. "Ila nyuzi zinalia kama paka."

Mafuta akanunua nyuzi.

"Nakaribia sana. Ila vifungo vya kukazia nyuzi vinateleza."

Mafuta akauza saa yake, akaleta vifungo.

"Sasa imebaki shingo tu."

Hapo mtu mwingine angeaga. Lakini mjanja ana ugonjwa wake, ndugu zangu: hawezi kumwacha mteja aliyebakiza kidogo kusema ndiyo. Koti akamuuzia muuza mitumba, pale pale, bila kubembelezana, na seremala akatia shingo mpya.

Kinyozi akalipiga. Wapita njia wakasimama. Likalia vizuri hadi Mafuta mwenyewe akatamani kulinunua.

"Nimeamua," kinyozi alisema, akamwekea mkononi bei ile ile ya msiba.

"Lakini kaka, bei ile ilikuwa ya gitaa lile, kabla..."

"Kwani hili si la marehemu mjomba?" muuza mitumba aliuliza kwa upole.

Mafuta akazihesabu zile pesa mara mbili; hazikuongezeka.

Muuza mitumba akapita ndani bila hodi, kama mtu wa nyumba hiyo. Akachukua koti la kijivu msumarini, akamvisha kinyozi, akarudi nyuma kulitazama.

"Limekukaa, kaka. Si nilikuambia? Tugombane kwa sauti, gitaa litakuja lenyewe."

"Kinanda nacho nimekitamani siku nyingi," kinyozi alisema, akikunja mikono ya koti. "Kesho utanifokea asubuhi au jioni?"

Mke wa kinyozi akatokea mlangoni na mwiko, akamwona Mafuta amesimama na shati tupu.

"Shemeji, mbona uko nje kama mgeni? Ingia ule. Umelihangaikia sana gitaa letu."