Mgeni wa Saa Nne

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kliniki imeniletea kishikwambi na kipimo cha kubana kidoleni. Nesi atanitazama kwa video saa nne asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anaitwa Cherono, binti wa Kericho. Ameeleza kwamba mapafu yangu hayatapona, ila yanaweza kutunzwa. Oksijeni ikifika tisini, daktari ataniandikia barua ya kupanda ndege. Isipofika, sisafiri.

Desemba tunajengea kaburi la mke wangu huko Kisii. Tuliishi pamoja miaka thelathini na minane. Lazima niwepo.

Nilijiandaa ipasavyo. Nilifagia, nikapiga deki, nikasogeza kochi, nikavaa suti na tai. Chai mezani, vikombe viwili. Cherono alipotokea nilisimama kumlaki, kama inavyopasa mgeni anapoingia.

Themanini na sita. Salamu sikuimaliza kwa kuhema.

Jumanne, 4 Novemba

Jirani yangu Fidahussein, aliyekuwa na duka Mombasa, ana ugonjwa huuhuu na nesi huyuhuyu. Anajigamba kwamba yeye hupata tisini na tatu. Humpokea Cherono akiwa kitandani, kwa fulana na kikoi. Nilipomweleza habari ya chai alicheka hadi akakohoa. Akaniuliza: Mwalimu, yule binti yuko ndani ya kioo, utamkalisha wapi?

Nikamjibu kwamba anayepokea wageni kwa fulana hana la kunifundisha.

Nimetafakari. Kinachoniziba pumzi ni vumbi. Niliacha zulia bila kulikung'uta.

Jumatano, 5 Novemba

Nimelikung'uta zulia kwenye roshani tangu saa mbili. Baridi kali. Mtaa mzima wa Scarborough, huku ughaibuni, umenisikia nikikohoa.

Themanini na nne.

Cherono aliuliza kama nilikaa nikapumzika nusu saa kabla ya kupima. Nikasema ndiyo. Kweli nilikaa. Nilikuwa napiga pasi.

Jioni binti yangu Moraa alipiga simu kutoka kwake North York, upande wa pili wa mji. Akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba nisihangaike, yeye ataenda Kisii na kunionyesha kaburi kwa video. Nikamwambia mama yako simtazami kwa kioo. Hapo akageukia Kiswahili: basi Baba, kaa chini upumzike.

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Aibu kubwa. Usingizi wa alfajiri ulinishika hadi kishikwambi kikaanza kulia. Saa nne kamili! Nikajibu nikiwa chini ya blanketi, nguo za kulalia, meno yangu kwenye glasi. Sakafu haikufagiliwa. Chai haikuwepo. Nilibana kipimo kidoleni bila kumtazama binti wa watu usoni.

Tisini na tatu.

Cherono alipiga makofi. Akauliza nimebadilisha nini. Nikajibu, kwa taabu kwa sababu ya meno, kwamba ni bidii ya wiki nzima.

Fidahussein alikuja mchana na sahani ya kalimati. Akasema: umeona sasa? Lala tu, Mwalimu, utafika Kisii. Nikamfafanulia kwamba damu huchukua siku mbili kupokea faida ya usafi. Zulia la Jumatano ndilo lililojibu leo. Aliivuta sahani, akala kalimati zote mwenyewe.

Jumapili, 9 Novemba

Ujumbe umekuja. Kesho saa nne daktari mwenyewe atakuwa kwenye video pamoja na Cherono. Atapima mara moja, kisha ama atatia sahihi barua ama hatatia.

Fidahussein amegonga mlango mara mbili. Ananisihi nibaki kitandani hadi wapige. Ana wivu, maskini. Hajawahi kutembelewa na daktari.

Suti niliyovaa kwenye mazishi ya Mama Moraa nimeitoa kabatini. Jikoni kote nitapiga deki. Mapazia yote nitayashusha, niyafue kwa mkono, niyatundike kabla ya saa nne.

Naanza saa kumi na moja alfajiri. Vikombe, safari hii, vitatu.