Pikipiki Kimya ya Kumpokea Askofu

Jumatano, 8 Juni 1994
Askofu anakuja Jumapili! Paroko katangaza kwamba pikipiki moja itaongoza msafara kutoka daraja la Lumemo hadi kanisani. Iwe kimya, kwaya isikike. Valeriani kinyozi akanitazama, akacheka. Honda yangu inagonga kama debe la kokoto. Yamaha yake, eti, inanong'ona. Nikaapa mbele ya watu kuwa nitaongoza mimi. Fundi wa nini? Tapeti, zile skrubu za juu ya valvu, nitazikaza mwenyewe, hapa hapa uani.

Ijumaa, 10 Juni
Nimefungua kifuniko cha injini. Yesu na Maria! Nilivua kofia. Ukiizungusha injini kwa mkono, valvu moja inashuka, nyingine inapanda, kwa zamu, kwa adabu. Miaka yote hii vyuma hivi vinahangaika gizani na sijawahi kuvishukuru! Nikamwita mke wangu, Eufrasia, aone. Kaona. Kasema mafundi huacha kinafasi juu ya valvu, unene wa wembe. Wembe sina. Nikapachika ganda la mpunga, sisi si watu wa mpunga? Nikakaza, likasagika. Nikakaza tena. Kelele inakaa kwenye nafasi. Nafasi ikiisha, itakaa wapi? Mafundi wanaiacha ili turudi kwao!

Jumamosi, 11 Juni
Maajabu hayaishi. Kiki iliyokuwa ikinivunja mguu leo inashuka kwa kidole! Na kugonga kumekoma kabisa. Kuwaka, bado. Eufrasia kauliza kesho nitakwendaje. Mwanamke huyu ana haraka. Nimemjibu kwamba injini inajipumzisha.

Jumapili, 12 Juni
Haikuwaka. Nilipiga kiki darajani mpaka shati likalowa. Aibu gani hii! Valeriani keshawasha. Ndipo Limbu, mfugaji wetu Msukuma, akaniambia nikae tu, nishike usukani. Yeye na nduguze wakanisukuma mpaka kanisani. Mimi mbele! Kwaya ikasikika hadi sokoni, akina mama wakatandika khanga barabarani. Machozi yalinitoka. Askofu kanipa mkono, kasema hajapata kuona pikipiki tulivu namna hii.

Jumatatu, 13 Juni
Eufrasia anasema niipeleke kwa fundi. Injini iliyosifiwa na askofu? Thubutu! Nimepita parokiani kuaga wageni. Land Rover ya askofu inagonga, masikini. Dereva kaenda kunywa chai. Naandika nimeegemea bampa, boneti na kifuniko cha injini nimeshafungua. Mungu mkubwa, jamani! Humu zimo valvu nane!