Wakala Pekee wa Jua

Umeme ulikatika Injinia akiwa amenyolewa upande mmoja.

Mashine ya kinyozi ilikohoa, ikanyamaza juu ya sikio lake la kushoto. Kinyozi akaitikisa, akaipuliza, akaitukana kwa sauti ya chini maana mteja alikuwa mgeni, kisha akaketi kwenye benchi na kukunja mikono. Nje, mtaa mzima ulikuwa umeshatoka milangoni kulalamika. Mwenye bucha, kisu mkononi, alikuwa akiuliza mbingu nyama yake imekosa nini. Mama Barafu, ambaye duka lake ni la mwisho mtaani, alikuwa akiyafunika majokofu yake mawili kwa mablanketi, huku akiyasemesha kama wagonjwa.

"Hivi kila siku ni hivi?" Injinia akauliza.

"Kila siku, kaka. Jana mtu alikaa hapo ulipo mpaka saa kumi. Atakayetuletea umeme usiokatika, mimi nampa hata duka hili."

Mtu mwingine mwenye nusu ya kichwa angeona aibu. Injinia aliona soko.

Tumtambulishe kidogo. Injinia hakuwa injinia. Taa ikiungua chumbani kwake, alihama chumba. Cheo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, akakizoea. Alikuwa ameshauza viwanja vya watu, tiketi za mechi zisizochezwa, na mara moja aliuza lifti ya jengo lisilo na ghorofa. Lakini safari hii hakutafuta fedha za kula na kusahau. Mkewe alikuwa amerudi kwao mwezi wa nne sasa, na baba mkwe alimwambia neno moja tu mlangoni: "Mwanangu, maneno hayaezeki nyumba. Njoo na hati ya nyumba yenye jina la binti yangu, ndipo umchukue." Injinia alimpenda mkewe. Hilo tuliseme wazi, kwa kuwa katika maisha yake ndilo jambo pekee ambalo hakulibuni.

Baada ya wiki moja alikuwa amepanga chumba juu ya bucha, amenyoa na ule upande wa pili, na amekariri makala ndefu ya gazeti kuukuu kuhusu biashara ya umeme wa jua duniani. Ukutani alibandika karatasi yenye mstari mwekundu unaopanda. Mstari ulipofika mwisho wa karatasi, aliuendeleza kwa kalamu kwenye ukuta wenyewe, hadi karibu na dari.

"Ndugu zangu," aliwaambia wafanyabiashara wa mtaa walipojibana kwenye viti vya kuazima, "bei ya paneli inaporomoka mwaka hadi mwaka. Kilichokuwa anasa ya tajiri leo kinafungwa juu ya banda la kuku. Viwanda vinajengwa, mahitaji yanapanda, na nchi ambazo jua huliona kwa msimu zimetupita sisi tunaounguzwa nalo bure. Miaka kumi ijayo, kila bati mnaloliona hapo nje litakuwa linazaa umeme. Swali ni moja tu: nani atakuwa ameyauzia mabati hayo?"

Mwenye bucha alimeza mate.

"Na huo mstari wa ukutani?" kinyozi akauliza.

"Huo ni wa mwakani."

Kisha likaja onyesho. Dirishani palikuwa na paneli moja, na juu ya meza iliyofunikwa kitambaa hadi sakafuni palikuwa na feni. Waya wa paneli uliingia chini ya kitambaa na kuishia humo, umefungwa kwenye mguu wa meza. Kazi yote ilifanywa na betri iliyojificha humo humo, iliyojazwa jana yake kwa umeme wa kawaida, ule ule unaokatika. Injinia akabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Watu wakashusha pumzi.

Mama Barafu hakushusha. Alikuwa mtu wa kupima mambo. Alisimama, akavua mtandio wake, akaifunika paneli yote, pembe kwa pembe.

Feni ikaendelea kuzunguka.

Injinia alianza kukumbuka ngazi za kushukia ziko ngapi.

"Mbona haisimami?" Mama Barafu akauliza.

Kabla Injinia hajapata uongo unaotosha, mwenye bucha alisharuka kutoka kitini. "Mama, wewe huoni? Inafanya kazi hata kivulini!"

"Na siku za mawingu!" kinyozi akapiga kofi.

"Mawingu nini! Hii na usiku itakesha!"

Injinia akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. "Sikutaka kuwaambia mapema," alisema. "Kampuni imetukataza." Mwongo hodari husema kidogo tu, akawaachia wenye tamaa kazi ya kumalizia.

Mchana huo huo mwenye bucha alipanda ngazi peke yake. "Injinia, wale wengine watu wa njaa tu. Nipe mimi mtaa mzima. Kinyozi akitaka umeme, aje aninunulie mimi, kwa bei nitakayoamka nayo."

"Hiyo ndiyo huitwa wakala pekee," Injinia akasema, akamwandikia cheti chenye muhuri. Mzigo wa kwanza, alieleza, uko njiani. Ada ya uwakala inatangulia mzigo.

Saa moja baadaye kinyozi naye alikuja akinong'ona, akatoka akiwa wakala pekee wa mtaa ule ule. Wa tatu alikuwa Mama Barafu. Huyu hakutaka kumtawala mtu. Aliuliza jambo moja tu. "Mwanangu, barafu yangu itaacha kuyeyuka?"

"Haitayeyuka tena, mama."

Akaenda, akauza jokofu moja, akarudi na ada.

Fedha zote Injinia alimtumia mkewe kwa simu siku ile ile, kwa kuwa mwizi naye huogopa wezi. Jioni wakaongea.

"Anza kutafuta nyumba, mke wangu."

"Natafuta. Hebu niambie, hao watu ni kina nani?"

Injinia akafurahi kuona mkewe anapenda kazi yake. Akamweleza bucha liko upande gani, kinyozi ana mashine ngapi, kila mmoja ametoa kiasi gani. Alipofika kwa Mama Barafu alianza kucheka kabla hajamaliza. "Ameuza jokofu ili apate umeme wa jokofu!" Akacheka mpaka akapaliwa. Mkewe hakucheka.

"Na yale ya soko unayonisomeaga," mkewe akasema hatimaye, "ya bei kushuka na mahitaji kupanda. Umeyatunga?"

"Hata kidogo. Kila neno ni kweli, mke wangu, isipokuwa mimi."

"Aha," mkewe akasema.

Injinia, aliyejua kusoma uso wa kila mtu mjini, hakuuliza hiyo aha ilikuwa na maana gani.

Kilichomharibia kazi ni majivuno ya kinyozi. Injinia alikuwa amemwapisha kila mmoja kutunza siri mpaka mzigo ufike. Kinyozi aliitunza siku nane, ya tisa akakitia cheti chake kwenye fremu na kukitundika juu ya kioo. Asubuhi hiyo mwenye bucha alikwenda kunyolewa ndevu. Alikuwa na povu mpaka puani alipoinua macho na kusoma.

"Wakala pekee? Nani? Wewe?"

Sauti hiyo ilivuka barabara, ikapanda ngazi, ikamkuta Injinia akinywa chai. Hakumalizia kikombe. Alichukua kofia, akashuka kwa mlango wa nyuma, akaacha paneli, feni, na mstari wake ukiendelea kupanda ukutani.

Kufika kwa wakwe zake ilikuwa alasiri. Baba mkwe alikuwa uani, akigonga msumari kwenye kiti kibovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmepishana."

"Na nani?"

"Na mkeo. Ameondoka alfajiri na lori."

"Lori la nini?"

"La paneli za jua. Amenunua kwa jumla. Anasema soko linakua." Mzee akaweka nyundo chini, akamtazama mkwewe kwa macho mapya. "Kumbe ulikuwa unamfundisha jambo la maana. Nilikudharau bure, mwanangu."

Injinia akakalia kile kiti kibovu. Kikavunjika. Hakuinuka mara moja.

"Na nyumba, baba?"

"Nyumba gani?"

Kesho yake alirudi mtaani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Lori lilikuwa limesimama mbele ya duka la Mama Barafu, mafundi wawili wakiwa juu ya bati, na pale chini, ndani ya ovaroli, alisimama mkewe. Mwenye bucha alikuwa akimlalamikia.

"Dada, mimi hii siitaki. Nimeifunika kwa gunia, ikazima."

"Ni ya jua, kaka. Ukiifunika itazima. Ya usiku inawekwa kwenye betri, na betri inauzwa."

"Ile ya yule mwizi haikuzima! Mwizi alikuwa na mali bora kuliko yako!"

Hapo ndipo mwenye bucha alipogeuka, akaiona kofia, na akamtambua aliyeko chini yake. Mkono wa mtu anayebeba mapaja ya ng'ombe ulimkamata Injinia ukosini, miguu yake ikaiaga ardhi. Kinyozi akaja mbio na wembe.

"Mwacheni," mke akasema bila kupaza sauti. "Nilishawaeleza. Huyu tulimtuma kutangaza tu, akauza mtaa mmoja mara tatu. Ada zenu nimezitambua au sikuzitambua?"

"Umezitambua," wakakiri.

"Basi. Yeye nimemshusha cheo. Leo ni mbeba ngazi."

"Tumkate hata kidole kimoja," mwenye bucha akaomba.

"Atashikaje ngazi?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Injinia akawekwa chini. Akasubiri watu watawanyike, akamsogelea mkewe.

"Mke wangu, fedha zangu ziko wapi?"

"Zako?" Akanyoosha kidole juu. "Za Mama Barafu zile pale, juu ya bati la Mama Barafu. Za kinyozi zinapandishwa baada ya saa moja. Kila mtu amepata mali ya fedha yake."

"Na lori? Na mafundi?"

"Nimenunua kwa bei ya jumla, nimewapa kwa bei ya rejareja. Faida inabaki. Mtaa wa pili umeshaagiza, na wa tatu wanakuja kesho kuangalia. Kampuni nimeisajili kwa jina langu."

"Huu ni wizi!"

"Kituo cha polisi kiko pale kona. Nenda kaseme umeibiwa ulichoiba. Nitakusindikiza."

Injinia hakwenda. Ndani ya duka, jokofu lililobaki lilianza kunguruma, na Mama Barafu akasikika akipiga vigelegele peke yake. Mke akasikiliza kidogo, kisha sura yake ikabadilika.

"Ulicheka," alisema. "Mwanamke ameuza jokofu lake, wewe ukacheka mpaka ukapaliwa. Nilivumilia uongo wako miaka sita. Kicheko kile sikukivumilia."

Injinia alitazama viatu vyake. Alitaka kusema kwamba alifanya yote kwa ajili yake, na huo ulikuwa ukweli, ila hapo mchana kweupe haukuonekana kuwa na thamani yoyote.

"Na mimi je?" aliuliza mwishowe. "Nirudi kwako, au basi?"

Mkewe alimkagua kuanzia kofia hadi viatu, taratibu, kama mtu anayekagua bidhaa iliyotumika.

"Kama kibarua, nimekuajiri," akasema. "Kama mume, bado nachunguza soko."

Injinia akainama, akabeba ngazi, akaipeleka kwa kinyozi.