Mtaro Wenye Wenyeviti Wanne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Uzee wangu naukabidhi kwa jamii. Bure kabisa! Sitaki shukrani, ila picha moja tu.

Chuo chetu cha biashara kinatafuta mhitimu mstaafu aliyejitolea kuliko wote. Kamati itapita Jumamosi kukagua kazi zetu. Mshindi picha yake itatundikwa ukumbini, ndani ya fremu, pale wanapopita wanafunzi wote. Ukuta ule nimeuota tangu ujana. Nimekuwa meneja wa mauzo maisha yangu yote na picha yangu haijatundikwa hata chooni.

Kikwazo ni Takwimu. Tulisoma darasa moja, na jina hilo alilipata kwa kuhesabu kila kitu, hadi ngazi za bweni. Naye kastaafu, naye kasikia habari za ukuta. Leo kanisalimia kwa tabasamu la mtu aliyeanza mbio kabla ya filimbi.

Mke wangu kanikumbusha kuwa Alhamisi anatolewa mtoto wa jicho. Daktari kasema asiende peke yake, maana atarudi jicho limefungwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi si nipo? Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Ana utani sana mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka mtaa kutafuta wahitaji. Lo! Soko limejaa. Yatima wameshachukuliwa na wastaafu wa benki. Wajane wana watu wa bima. Hata paka wa sokoni wana mlezi, mhasibu mmoja mwenye roho mbaya, aliyenifukuza nilipotaka kuwapiga picha.

Nikakata tamaa, nikageuza njia ya zahanati. Hapo ndipo nilipouona. Mtaro! Umeziba, unanuka, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi vibarazani mwa watu. Na hauna mfadhili. Nusura niukumbatie.

Jioni kikao nyumbani kwangu. Wahitimu watano, Takwimu akiwemo, maana adui, bora umweke karibu. Ajenda ya kwanza, nani awe mwenyekiti. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwisho tukakubaliana kiungwana kuwa wote tuwe wenyeviti. Takwimu akauliza nani atashika koleo. Mmoja wetu akamweleza kwamba hilo ni suala la utekelezaji, litakuja baadaye. Takwimu akanywa chai yake baridi, akajiuzulu.

Tumebaki wenyeviti wanne. Wanaosema manahodha wengi chombo huenda mrama hawajasoma biashara.

Jumatano, 5 Machi

Mgongano wa ratiba. Diwani amekubali kuwa mgeni rasmi, lakini nafasi yake ni Alhamisi asubuhi tu. Yaani saa zilezile za jicho.

Nilimweleza mke wangu kitaalamu, kwa upole. Macho anayo mawili, diwani yuko mmoja. Jicho linaweza kusindikizwa na mtu yeyote, uzinduzi hauwezi. Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza ni heri mvua ya mawe. Baadaye akasema, sawa baba, nitatafuta mtu.

Nimefurahi kwamba amenielewa. Bango limefika, sura yangu imetoka vizuri, ingawa neno mtaro limepita juu ya paji la uso.

Alhamisi, 6 Machi

Uzinduzi umefana! Utepe mwekundu ulivuka mtaro kutoka ukingo hadi ukingo. Fulana nyeupe, makoleo mapya yenye lebo zake. Diwani alikata utepe, akaziba pua, akaondoka. Wenyeviti wote wanne tulihutubia. Mimi niligusia maono, dhamira, na mtaro kama taswira ya taifa.

Jua likawa kali, watu wakataka soda. Kuchimba hatukuwahi. Siyo kweli, nijirekebishe: mwenyekiti mwenzangu mmoja alizoa koleo moja la tope kwa ajili ya picha, lakini alikuwa amefumba macho, ikabidi alirudishe mtaroni azoe upya.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu amelala, jicho limefungwa bandeji. Nikamuuliza safari ilikuwaje. Akasema alipata mtu. Nikamwambia, si unaona? Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nachagua picha.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mtaro umefurika hadi ukumbi wa zahanati, na fulana yetu moja imeonekana ikielea. Nimewapigia wenyeviti. Mmoja mgongo, mmoja ana ugeni, mmoja simu imezimwa. Nikashika koleo mwenyewe. Mkono ukatoka lengelenge kabla tope halijatoka. Nikaliacha koleo lisimame pale, kama ishara ya mwanzo mpya.

Nimepeleleza habari za Takwimu. Hana bango! Hana fulana! Eti anashinda kwenye benchi la kliniki ya macho, anasindikiza wazee wasio na mtu wa kwenda nao. Nimecheka mpaka machozi. Nani atatundika picha ya mtu aliyeketi?

Mke wangu amefunguliwa bandeji, akaniomba nimtie dawa ya matone. Nikamwambia nikimaliza hotuba ya kesho. Nilipomaliza nilimkuta kajaribu mwenyewe, matone yote yako shavuni. Nikamwambia angesubiri kidogo tu, nikarudi chumbani kuisoma hotuba kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Kamati ilifika asubuhi. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa na maneno machache. Akauliza ni sehemu gani iliyokwisha safishwa. Nikamwambia asiangalie mtaro kwa macho ya leo. Nikarudi nyuma hatua moja ili nimwonyeshe upana wa maono yetu. Ule utepe wa Alhamisi hatukuuondoa. Ukaninasa kifundo cha mguu.

Nimezama hadi kiunoni. Kwa suti! Wenyeviti wenzangu, ambao leo migongo imepona na simu zinafanya kazi, walinipiga picha kwanza.

Nikiwa bado mle ndani, nikawaona wanakuja. Takwimu na kundi la wazee wenye bandeji machoni, kamati imewaita kutoka kliniki. Aliyemshika kiwiko, mbele kabisa, ni mke wangu.

Mama wa kamati akamhoji. Mke wangu akaeleza kwamba Alhamisi Takwimu alimfuata nyumbani, akakaa naye siku nzima, akamshika mkono alipoogopa, akamrudisha. Jana jioni akapita tena kumtia matone, wakati mume wake yuko chumbani anajisomea hotuba kwa sauti. Mama wa kamati akauliza kwa huruma kama hana mtu nyumbani.

"Ninaye," mke wangu akasema. "Yule pale mtaroni. Na kwa jicho hili moja namwona vizuri kuliko nilivyomwona kwa yote mawili."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani mtaro ule ungekuwa na kina zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Takwimu ameshinda. Picha itakayotundikwa inamwonyesha kwenye benchi la kliniki, ameushika mkono wa mke wangu. Mke wangu ametangulia ukutani! Na hata chuo hakusoma.

Imeniuma, sitaficha. Asubuhi nimemtia matone mwenyewe. Tone la kwanza lilikwenda puani, la pili likaingia. Akaniambia asante, mzee wangu. Nikakumbuka Alhamisi alikuwa anaogopa, na mkono alioushika haukuwa wangu.

Nikamuuliza jicho la pili ni lini. Akasema mwezi ujao. Nikamwambia safari hii naenda naye mimi, hata anijie diwani, hata anijie nani. Akanitazama muda mrefu kwa lile jicho jipya, kisha akanishika mkono. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Nikatoka nje nikaanza kazi mara moja. Bango jipya nimeshaagiza: Jicho la Pili. Mpiga picha amekubali. Wenyeviti wenzangu watatu watatusindikiza na fulana. Diwani atakata utepe mlangoni pa kliniki. Mke wangu hajui, nataka iwe zawadi.

Limebaki jambo dogo. Nimemwachia daktari ujumbe kumuuliza kama upasuaji unaweza kufanyika uani, penye mwanga mzuri.