Mkindu wa Bwana Geti

Bwana Geti aliingia kibandani pa Mwanarehema muuza mbaazi, Mishomoroni, bila salamu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa alikuwa ameshatundika picha ya mti, na chini yake: MWIZI ANATAFUTWA.

"Wasee, nimemalizwa! Mti wangu wa Dubai umenyolewa kipara!"

Jina lake Bonface, ila tangu ajenge geti kubwa kuliko nyumba, hakuna aliyemwita hivyo tena.

Hashim, anayeitwa Kamusi kwa kuwa hakosi jibu, akaitazama picha. "Dubai wapi, bwana wee? Huo mkindu. Kwetu Likoni waota matopeni, mbuzi waupita wasiuamkie."

"Huu ni wa mapambo!"

"Hata mimi ni wa mapambo," akasema Kaingu wa tuktuk, "lakini mke wangu hunituma maji."

Kibanda kizima kikacheka. Mwanarehema hakucheka, alimimina tui kwenye mbaazi. Ukindu, majani ya mti ule, ulikuwa chumbani kwake nyuma ya kibanda, umeshachanwa na kutiwa rangi, na aliyeuleta alimwapisha asimtaje. Ijumaa binti yake Asmaa anaolewa. Kila mama jirani amesuka ukili wake, utepe mmoja wa mkeka wa bi harusi; umebaki mmoja tu mkeka ushonwe. Anunue mkeka wa dukani? Wakwe wangemcheka mpaka Frere Town.

"Mkindu watu husukia mikeka, vikapu, makawa ya kufunikia vyakula," Kamusi akaendelea. "Wewe umeusimamisha getini kama askari asiye na rungu."

"Sijali! Kaingu, wapigie polisi simu! Nyumba zote zitapekuliwa. Tunaanza na hii!"

"Kaa ule kwanza," Mwanarehema akamkatiza. "Chumbani kwangu haingii mtu na hasira zake."

Bwana Geti alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa chumba. Hapo hapo akatokea Achieng, mkewe, na fungu la majani mabichi kichwani.

"Mama Asmaa, hodi! Nimekata yaliyobaki. Ukili wangu umetoka mfupi, na sitaki niwe mimi pekee…" Akamwona mumewe.

Bwana Geti akaachia kitasa.

"Unaniangalia nini?" akasema Achieng. "Si wewe ulisema nijichanganye na majirani?"

Kaingu alikuwa na simu sikioni. "Afande, msije. Mwizi tunaye. Aliyemtolea mahari ndiye mshtaki."

"Na mti wangu?" Bwana Geti akauliza.

Mwanarehema akamtua Achieng mzigo, akafungua mlango wa chumba.

"Njoo Ijumaa uuone, shemeji. Ila uvue viatu."